Nailoni ya Kuku wa Bwana

Généreuse aliyaona matone kwanza. Yalikuwa yamejipanga upande wa ndani wa nailoni iliyofunika banda la kuku, madogo madogo, kama jasho juu ya mdomo wa mtu anayedanganya. Nje hapakuwa na mvua wala umande. Nyasi za nyuma ya nyumba yao, hapa Fort Worth, zilikuwa kavu na rangi ya kahawia. Maji yale yalikuwa yametoka ndani. Akagusa tone moja kwa kidole kupitia nailoni. Likateremka, likameza mengine njiani, likamwangukia kuku wa Bwana mgongoni.

Alipofungua mlango wa banda, harufu ya kinyesi ilimchoma macho mpaka machozi yakamtoka. Maranda sakafuni yalikuwa yamelowa. Jogoo mmoja mkubwa alisimama pembeni akihema, mdomo wazi, kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa ya sita.

Zoé, mtoto wa dada yake, alikuwa amemfuata na nguo zake za kulalia. Alichungulia mara moja.

"Eww, it stinks," akasema, akarudi ndani kula.

Huo ndio ulikuwa uchunguzi wa kwanza wa kitaalamu kuhusu banda lile, na kwa siku zilizofuata haukupata mwenzake.

Banda lilikuwa limefungwa jana yake, Alhamisi, na Lévi, shemeji yake Généreuse. Lévi alikuwa na miaka sita katika ghala moja, akifunga mizigo kwenye paleti kwa nailoni ile nyembamba inayonata. Hakuna aliyefunga kama yeye. Mizunguko mitano chini, minne katikati, mitatu juu. Paleti yake ingeweza kuanguka kutoka kwenye lori isimwage hata kopo moja la nyanya. Kwa hiyo simu zilipotangaza kwamba usiku wa Jumamosi baridi itafika nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, Lévi hakuuliza mtu. Alikuja na rola nne za nailoni ambazo ghala halikuzililia, akalizunguka banda kuanzia ardhini mpaka kwenye bati.

"Bon," alisema alipomaliza. "Sasa hata mende akitaka kutoka ataomba ruhusa."

Ndani ya banda lile mlikuwa na makundi mawili ya kuku, na nje yake la tatu.

La kwanza lilikuwa la Bwana, kuku ishirini na wanne. Katika kanisa lao, mtu asiye na fedha ya shukrani huleta kuku. Pastor humnadi mbele ya watu. Anayeshinda hulipa, kisha, ili asionekane mchoyo, humrudisha kuku kanisani. Jumapili nyingine ananadiwa tena. Kulikuwa na tetea mmoja mweupe aliyekwisha kuuzwa mara nne bila kuonja sufuria. Nani angethubutu kumla kuku aliyeitumikia nyumba ya Mungu kuwashinda mashemasi? Hivyo kuku wa Bwana walizidi tu, na kwa kuwa Lévi alikuwa shemasi mwenye uwanja, walikaa kwake. Wa kuwalisha, kuwanywesha na kuwafagilia alikuwa Généreuse.

La pili lilikuwa la Kwamboka, nesi Mkenya wa Mesquite, ambaye mtaa wake ulikataza kuku, mbuzi na furaha. Kuku wake walikuwa kumi na mmoja, majogoo wawili kati yao wakubwa kama mbwa wadogo. Alikuwa anawanenepesha kwa ajili ya wakwe waliokuwa wanakuja kutoka Houston kumchumbia binti yake. Wa kuwalisha, kuwanywesha na kuwafagilia alikuwa pia Généreuse.

La tatu lilikuwa na kuku tisa. Généreuse aliwanunua wakiwa vifaranga kwa mshahara wake wa kwanza wa kusafisha maofisi, akawaleta ndani ya boksi la viatu. Charlotte, dada yake, alipouliza ni vya nani, alijibu, "Ni vya hapa nyumbani." Ndivyo alivyokuwa Généreuse. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, aliishi kwa shemeji, na kila kitu chake alikitaja kana kwamba amekiokota. Hao tisa walilala katika kibanda cha mbwa kilichoachwa na mpangaji wa zamani: kuta tatu, bati juu, na mbele gunia lililofunika nusu tu ya mlango.

Asubuhi ile ya Ijumaa alitoka kwenye banda la nailoni akaingiza mkono katika kibanda cha mbwa. Nyasi zilikuwa kavu. Manyoya yalikuwa makavu. Mmoja alikuwa ametaga, akamdonoa kwa kumsumbua.

Généreuse akasimama katikati ya mabanda mawili na yai la moto mkononi. Akaelewa. Tatizo likawa namna ya kusema.

*

Kamati ya kuwanusuru kuku na baridi ilikaa jioni ile sebuleni. Ilikuwa na Lévi, Pastor Wilbroad, mzaliwa wa Kigoma aliyependa vikao kuliko chakula ingawa chakula nacho hakukikosea, na Kwamboka, aliyetoka kazini moja kwa moja na sare yake ya hospitali, funguo za gari bado mkononi. Charlotte alipita na chai. Généreuse alisimama karibu na mlango wa jikoni, mahali pa mtu anayeweza kuitwa.

Lévi alikunjua boksi la nafaka za kifungua kinywa. Nyuma yake alikuwa amechora mpango.

"Huku mwisho, penye joto, kuku wa Bwana. Hapa katikati, kuku wa Mama Kwamboka. Naweka paleti kati yao wasipigane. Na katikati kabisa, naingiza jiko la makaa. Moto mdogo. Usiku kucha."

"Ebu ngoja," Kwamboka akasema. "Makaa wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya hiyo kitu umefunga kama parcel? Ndugu Lévi, mimi ni nurse. Kila baridi ikikuja tunaletewa watu wamewasha makaa kwa nyumba. Hiyo moshi haionekani, inakuua ukiwa umelala unasmile. Toa hiyo jiko."

"Lakini Mama Kwamboka, baridi..."

"Toa!"

Jiko likarudi gereji. Généreuse alilitazama likipita. Kwamboka alikuwa ametumia pumzi moja tu. Pengine kusema si kazi ngumu, akawaza. Pengine ni sare.

"Basi bila makaa tutaongeza miili," Lévi akasema, akiuandika upya mpango bila aibu. "Joto la kuku ni kuku. Wale tisa wa kibanda cha mbwa wanaingia pia. Watakaa hapa, mlangoni. Upepo ukipenya, unakutana nao kwanza."

"Kama pazia," Pastor Wilbroad akasema, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Voilà. Kama pazia."

Généreuse akasogea hatua moja kutoka mlangoni. Akatazama vidole vya miguu yake.

"Shemeji," akasema, "ndani ya banda mna maji."

"Maji gani? Nilisema jioni wasiwekewe maji mengi."

"Si ya kunywa. Kwenye nailoni. Yanawadondokea. Na harufu... Wale wa kibanda cha mbwa wako wakavu, kwa sababu..."

"Hilo ni joto!" Lévi akafurahi. "Soda ikitoka friji, haitoki jasho? Maana yake ndani kuna joto, nje kuna baridi. Ni fizikia. Wewe ulisoma fizikia?"

Généreuse aliacha shule darasa la nne, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na fizikia ilikuwa imepangwa baadaye. Wote mle ndani walijua. Pastor alitazama chai yake. Kwamboka alitazama simu.

"Lévi," Charlotte akasema taratibu.

"Kwani nimemtukana? Nimeuliza. Généreuse, leta sukari."

Akaleta sukari. Wakati akiiweka mezani, Kwamboka alimshika mkono kidogo.

"My dear, wale majogoo wangu waangalie sana, eh? Hasa yule mwekundu. Wakwe wakifika watamwona yeye kabla ya bibi arusi."

"Anahema na mdomo wazi," Généreuse akasema.

"Ni mnene tu, bless him."

*

Jumamosi upepo uligeuka mchana. Saa nane nyuzijoto zilikuwa nne, saa tisa sifuri, na maji ya ndoo yakaanza kushika ngozi. Lévi, akiwa amevaa makoti mawili na kofia ya kazini, aliwahamisha wale tisa mwenyewe, wawili wawili, vichwa chini. Mara tu walipotua, tetea mweupe wa Bwana, yule aliyeuzwa mara nne, aliruka juu ya paleti akamdonoa mmoja wao utosini mpaka damu ikatoka. Ulokole haukuwa umemfikia.

"Watazoeana," Lévi akasema. Akafunga mlango, akachukua rola ya tano, akauzungushia nao.

Généreuse alikuwa nyuma yake na ndoo.

"Shemeji, acha hapa juu kidogo tu. Chini ya bati."

"Ukiacha tundu, baridi inaingia."

"Ni kwa kutokea, si kuingia."

Lévi akageuka. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye woga aliyepewa kamati. Kuku wa Bwana wakifa uwanjani kwake, ushemasi wake ungekufa nao, na Wakenya wote wa Mesquite wangejua kwamba Mkongo alishindwa kulinda hata kuku.

"Généreuse. Mimi nakula kwa kazi hii. Miaka sita nafunga vitu, na hakuna kilichoharibika."

Makopo ya nyanya hayapumui, Généreuse akawaza. Lakini alilisema moyoni, pale alipozoea kusemea.

Saa kumi Pastor Wilbroad akafika na waumini wachache kuombea mifugo. Walishikana mikono sebuleni, hita ikinguruma, wakafumba macho. Maombi ya Pastor yalikuwa kama treni za mizigo zinazokatiza mjini: ukikuta yameanza, zima gari. Alianza na Nuhu na safina. Généreuse alisimama kwenye duara mpaka njiwa alipotumwa, ndipo akafumbua jicho moja. Wote walikuwa wamefumba. Charlotte alikuwa amemshika Zoé, naye Zoé alikuwa amefumba kwa nguvu zote mpaka pua imekunjamana.

Akauchomoa mkono wake. Alipita jikoni, akakoroga maharage ili akiulizwa awe na jibu, akachukua kisu cha kukatia nyama.

Nje baridi ilimpiga kofi. Aliburuta kreti la soda mpaka ubavuni mwa banda, akapanda. Nailoni ilikuwa ngumu, tabaka juu ya tabaka. Akachoma kisu chini ya bati, juu zaidi ya vichwa vya kuku waliolala, akavuta. Akakata tena kiganja kimoja chini yake, akatoa utepe mzima. Mvuke ukampiga usoni kama amefunua chungu, na harufu nayo, akakohoa ndani ya mkono wa sweta. Akashuka, akaenda upande wa pili, akakata vilevile, urefu uleule. Kisha akaweka sikio kwenye mbao. Kuku walinong'ona, wakajisogeza, wakatulia. Huko sebuleni Pastor alikuwa ameshuka safinani na sasa alikuwa na Eliya na kunguru.

Alilirudisha kreti. Alikuwa anakoroga maharage tena waliposema amina.

Charlotte akaingia jikoni. Alimtazama mdogo wake: mashavu yaliyoganda, vidole vyekundu, na kwenye bega kipande cha nailoni kilichoshikilia sweta na kukataa kutoka. Charlotte akakibandua, akakifinyanga kikawa kama punje, akakitupa pipani.

"Chumvi umeweka?" akauliza.

"Bado, yaya," Généreuse akamjibu dada yake mkubwa.

"Weka basi."

*

Asubuhi Fort Worth yote ilikuwa kioo cha barafu. Ibada iliahirishwa, magari hayakutoka, na Lévi alivuka uwanja wake kwa kukaa na kujisukuma, kama mtoto. Alipolifikia banda, alikaa pale pale chini kwa muda mrefu, akitazama juu.

Kisha akaingia. Kuku arobaini na wanne walikuwa juu ya mbao zao, manyoya yamevimba, wakavu, wana hasira na njaa. Hakuna aliyekufa. Jogoo mwekundu wa Kwamboka tu ndiye aliyekuwa na ncha nyeusi kwenye upanga wake wa kichwani, kwa unyevu wa siku zile mbili. Alikuwa amefumba mdomo, akaufungua kwa kuwika tu.

Lévi, mtu aliyewahi kupekua nyumba nzima kutafuta aliyechukua chaja yake, safari hii hakumtafuta mtu. Alimpigia Pastor.

"Imepasuka, Pastor. Pande mbili. Sawasawa."

"Sawasawa vipi?"

"Kama kwa rula!"

"Upepo haujui rula," Pastor Wilbroad akasema, na sauti yake ikashuka, kama ya mtu anayeona mahubiri yakimjia yamekwisha kupikwa.

Mchana ikafika habari ya ndugu Mogaka wa Arlington, aliyevutiwa na kazi ya Lévi akafunga banda lake vilevile. Alifungua akakuta saba kati ya kumi na wawili wamelala miguu juu, nailoni inadondosha maji kama dari la bafu. Kwa Mogaka hakuna kilichopasuka. Mpaka jioni kundi la simu la kanisa lilikuwa limekubaliana: Bwana alituma malaika uwanjani kwa Lévi. Waliobishana walibishana tu kuhusu urefu wa malaika.

Généreuse alisikia yote akiosha vyombo. Alidhani litaisha. Kuku wako hai. Malaika akipata sifa, nani ameumia? Siku ya Jumatatu aliwarudisha wale tisa kibandani kwao na hakuna aliyemkataza.

Jumamosi iliyofuata Lévi alimkuta akiwapa pumba.

"Hawa waoshe miguu. Kesho wanakwenda kanisani."

"Hawa?"

"Shukrani. Walikuwa mlangoni, walisimama katika ulinzi, na hakuna aliyeguswa. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani, shemeji?"

"Bwana." Akaona uso wa Généreuse, akalegea kidogo. "Si ulisema ni vya hapa nyumbani? Basi nyumba inatoa. Baraka itakufikia na wewe."

Généreuse akaenda kuchota maji ya kuwaosha.

*

Kanisa lilikuwa ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la matairi. Siku hiyo lilijaa, kwa maana watu walikuwa wamekaa ndani juma zima na walikuwa na hamu ya kuona hata adui. Mbele, chini ya mimbari, palikuwa na makreti mawili ya plastiki, na ndani yake kuku tisa wenye miguu safi.

Lévi alitoa ushuhuda. Alisimulia vizuri, alionesha kwa mikono jinsi nailoni ilivyokuwa imara, ili ukuu wa malaika usipungue. Watu wakapiga vigelegele. Mogaka alilia, na hakuna aliyejua kama ni kwa ajili ya utukufu au kuku wake saba. Kisha Pastor Wilbroad akainua kuku wa kwanza, yule mwenye kovu utosini.

"Huyu amelindwa na mbingu! Nani anaanza? Dola ishirini!"

"Thirty!" Kwamboka akaita kutoka safu ya tatu, akiwa na kilemba kikubwa. "Na simrudishi, atakaa na wangu!"

"Thelathini! Nani arobaini?"

Généreuse akasimama.

Alikuwa hajawahi kusimama kanisani isipokuwa wote wakisimama. Pastor akamwona, akafurahi.

"Dada Généreuse! Ngapi, dada?"

Alisema kitu. Safu ya mbele tu ndiyo iliyosikia, na safu ya mbele ikageuka kumtazama Lévi.

"Sauti, dada! Ngapi?"

Charlotte, aliyekuwa ameketi kando yake, akainuka, akaenda mbele, akachukua maikrofoni mkononi mwa Pastor kana kwamba ni mwiko wa jikoni kwake, akarudi nayo akampa mdogo wake. Kisha akaketi, akatazama mbele.

"Si malaika," Généreuse akasema, na spika ikalisema mara ya pili, kubwa. Akashtuka. Akaendelea. "Nailoni nilikata mimi. Siku ile mlipokuwa mmefumba macho. Na kisu cha nyama. Nilipanda juu ya kreti."

Ikasikika mashine ya matairi upande wa pili wa ukuta.

"Généreuse," Lévi akasema, amesimama, uso umemvimba. "Nani alikutuma?"

"Hakuna, shemeji. Niliangalia tu. Walikuwa wanalowa kwa pumzi yao wenyewe. Nilikwambia, ukaniuliza fizikia."

Kwamboka alicheka kwanza. Alicheka mpaka kilemba kikamteleza, akapiga goti la jirani yake. "Yaani ni huyu! Huyu kasichana! Na mimi nimemwambia jogoo wangu ni mnene tu!" Wengine wakafuata, kwa woga, kisha bila woga. Lévi akaketi. Pastor Wilbroad akapangusa paji la uso, mtu wa vikao vingi, akajua pa kushika.

"Bwana asifiwe! Mungu hutumia yeyote, hata kwa kisu cha nyama. Basi shukrani inabaki pale pale, si ndiyo? Tulikuwa thelathini. Nani..." Akanyoosha mkono apewe maikrofoni.

Généreuse hakuiachia. Aliishika kwa mikono miwili, karibu mno na mdomo, kiasi kwamba watu wote walisikia kwanza akivuta pumzi.

"Hao kuku ni wangu," akasema. "Nilinunua kwa hela yangu. Siwatoi."